Ankara

Kutoka mjini hadi kwa Orrin Buckner ni maili sabini na mbili,
arobaini za mwisho ni changarawe.
Nilimwambia kwenye simu: umbali hauna punguzo.
Akasema, "Kwani nimekuomba punguzo?"

Nyanda za juu, mashariki mwa Oregon, Novemba:
vichaka vya kijivu vinavyonuka kama kabati la dawa,
jua kali lisilopasha hata kidole,
na upepo unaojua kila msumari wa paa kwa jina.
Tobin aliikinga ngazi kwa kifua.
Mimi juu, klipu mdomoni,
nikipanga taa za Krismasi ukingoni mwa bati.
Glovu nimezivua, maana klipu haibaniki kwa glovu,
na vidole vyangu vikawa vya mtu mwingine.

Mzee alisimama uani na kahawa iliyokwisha poa.
"Upande wa barabara uache. Weka huku."
Akaonyesha kaskazini,
ambako hakuna njia wala lango,
ni bonde tu, tupu kama sahani ya jana.
"Nani ataziona huko?" Tobin akauliza. Ana miaka kumi na tisa.
Mzee akatema mate. Upepo ukamrudishia.

Balbu mia tatu, nyeupe yenye umanjano wa siagi.
Alilipa kwa hundi,
mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika juu ya magunia.

Barabara inalizunguka bonde. Upande wa pili
gari jekundu lilikuwa limekingama njiani.
Pua ileile, kofia tofauti.
"Mimi ni Lyle," alisema, kana kwamba nimekanusha.
"Amefunga ngapi?"
Nikamwambia idadi ni siri ya mteja.
Akaigusa darubini iliyoning'inia shingoni.
"Basi nitangoja giza, nihesabu mwenyewe.
Zangu ziwe zaidi kwa moja."

Geraldine wa kituo cha mafuta ndiye aliyetueleza: ni kisima.
Baba yao alikichimba mpakani
akafa bila kusema ni cha nani.
Mwaka wa kumi na sita huu hawasemezani.
Ng'ombe hunywa kwa zamu,
wa Orrin asubuhi, wa Lyle jioni,
na wao, ng'ombe, hawana neno.

Ndugu wakigombana, shika jembe ukalime.
Mimi nilishika ngazi.

Tulifunga mia tatu na moja, zikitazama kusini.
Jumatatu Orrin akapiga simu: ongeza hamsini.
Jumatano Lyle: sitini, na nyota juu ya ghala.
Nikanunua matairi mawili ya mbele
na meno ya bandia ya mama.
Siombi radhi.

Kisha, siku tano kabla ya Krismasi, fyuzi ya Lyle ikaungua.
Nilikwenda peke yangu, Tobin ana mafua.
Nyuzi ishirini chini ya sifuri,
theluji kavu kama chumvi ikikimbia mbele ya gari.
Pale juu mwinukoni nikazima injini,
hapana, kwa baridi ile huzimi injini,
nilizima taa tu.

Kulia, Orrin, anawaka kama mtu asiyelipia umeme.
Kushoto, kwa Lyle, giza linalonisubiri.
Baina yao maili tisa za weusi usio na mshono,
na ndani ya weusi huo, kitone.

Balbu moja.
Juu ya nguzo ya pampu, pale kisimani,
nyeupe yenye umanjano wa siagi.

Nikafungua daftari, tochi mdomoni,
nikajumlisha, nikarudia.
Mle haimo.

Lyle alinifungulia mlango kabla sijabisha.
Alinishikia tochi, nikabadilisha fyuzi,
tukazungumza habari za bei ya nyasi kavu.
Ukuta ulipowaka hakutazama ukuta.

Nilimwandikia ankara mezani kwake:
fyuzi moja, kazi ya saa moja.
Maili sikutoza.