Nzi wa Namba Kumi na Sita

Ghorofani Mwembe Kuku, juu ya duka la magodoro,
tuko wanawake tisa na majiliwa tisa,
na kila jiliwa limebana ndoana
ndogo kuliko kucha ya mtoto wa arubaini.

Kazi yangu ni kufuga nzi wasiokula.
Unyoya wa shingo ya jogoo, mzungushe mara tatu,
manyoya ya sungura kwa kiwiliwili,
waya wa shaba uliochomolewa redioni,
mate kidogo kwenye uzi (mate hayamo kwenye maelekezo),
kisha fundo, mkasi, na nzi amezaliwa
bila kupitia funza.

Dazeni moja, shilingi arubaini na tano.
Bwana Mwakio huwakagua kwa lenzi ya fundi saa.
Mwenye bawa refu hutupwa.
Mwenye shingo nene hutupwa.
"Samaki wa kule," asema, "wamesoma."

Karatasi ya mwezi huu imeandikwa: oda ya vuli.
Nami vuli naijua: ni sufuria tatu chini ya dari,
ni Mwembe Tayari kugeuka mchuzi wa matope na maganda,
ni mamangu kuuficha unga juu ya kabati.
Wachuka, aliyezaliwa kandokando ya Mto Sagana, akacheka.
"Vuli yao si hii. Miti yao hunyonyoka,
majani yakashuka na mto, mekundu kama kutu,
na samaki, akijua baridi yaja,
hula kama mtu wa daku aliyechelewa kuamka."
Akanieleza trauti, ubavu wa madoadoa,
na maji yanayouma meno.

Yule mwingine hata Wachuka hamjui,
yule wa kwenye picha ya boksi, wa rangi ya jivu,
mwenye pezi la mgongoni
kama upepeo wa bibi harusi uliofunguliwa nusu.
Jina lake hatuna. Twamwita Bwana Upepeo,
na wake ndiye huyu, namba kumi na sita, kitako chekundu.

Jumapili nilimchukua mmoja aliyetupwa
nikashuka naye Tudor, na Badi, mtoto wa kakangu,
na ufito wa mwanzi.
Maji yalikuwa yanakupwa, matope yananuka mikoko na sabuni.
Tukarusha kama Wachuka alivyotuonyesha kwa kamba ya kuanikia:
nyuma, ngoja, mbele.
Nyuma, ngoja. Hapo kwenye kungoja ndipo penye kazi.
Mkizi waliruka pembeni, wakatuachia ujinga wetu.
Chaa mmoja akaja, akanusa, akaenda kusimulia wenzake.
"Shangazi," Badi akasema, "hawa hawakusoma."

Kisha wakaja mbayuwayu,
wale wa kila mwaka, wanaofika na mawingu
kutoka huko huko oda zinakotoka.
Nzi wangu alikuwa hewani, nyuma, anangoja.
Mmoja akachomoka kundini, mgongo mweusi, koo la kutu.
Huyu majuma machache tu yaliyopita amewala wenyewe,
nzi wenye damu, juu ya mto ule,
chini ya miti ile inayonyonyoka.
Akamwendea mdomo wazi.
Moyo wangu ukasimama. Nzi ni wa uongo
lakini ndoana ni ya kweli.

Shubiri moja kabla, akapindua bawa.
Aliona nini? Shingo?
Alipita sikioni mwangu, nikausikia upepo wake,
Badi akapiga kelele,
na uzi wote ukatuangukia mabegani.

Jumatatu niliketi kwenye jiliwa langu.
Unyoya wa jogoo nikauzungusha mara mbili, si tatu.
Bwana Mwakio akaweka lenzi, akakaa nayo sana,
akamgeuza, akamgeuza tena,
akamtia kwenye boksi bila neno.