Haijaiva

Leo nimepeleka debe la mahindi kusaga, Uyole.
Mashine ilipowashwa, mguu wangu wa kulia
ukaanza kupiga sakafu bila kuniomba ruhusa.
Mjukuu akacheka: Babu, unacheza nini?
Sikuwa nikicheza. Nilikuwa nasubiri wenzangu wakaze nyuzi.

Maana hatukuwa na kinanda cha kutupa sauti.
Tulikuwa na mashine ya Mwasenga, kule Mwanjelwa,
stoo ya nyuma, kati ya pumba na magunia,
na mota ilivyounguruma ndivyo tulivyokaza magitaa.
Umeme ukififia, mota ikashuka,
nasi tukashuka nayo, wimbo mzima,
kama watu wanaoteremka mlima wameshikana mikono.
Wateja walidhani ni makusudi. Tukawaacha wadhani.

Gitaa la kati lilikuwa la Anyelwisye,
uzi wa nne ni waya wa breki ya baiskeli.
Baiskeli ya baba yake,
aliyekuja kuligundua hilo
katikati ya mteremko wa Iwambi.
Besi ni Tweve, Mkinga wa Makete, mchoyo wa maneno:
alikuwa na noti tatu, na hakuwahi kukopa ya nne.
Ngoma za Nzunda tuliziotesha moto kwenye jiko la mkaa
kwa sababu mwezi wa saba ukungu wa Loleza
huingia hata ndani ya ngozi ya ng'ombe aliyekufa zamani.

Wimbo tulikuwa nao mmoja. Haukuwa na jina.
Jumamosi ulianza saa mbili; watu wakaenda kula, wakarudi,
wakaukuta pale pale, umebadili mwendo kidogo tu,
kama mgonjwa aliyegeuzwa ubavu.
Kuna mtu aliondoka kwenda Meta, mkewe amejifungua,
akarudi na jina la mtoto.
Tukalitia ndani. Lilienea.

Na Subilaga juu ya gunia,
khanga mbili na koti la kaka yake,
anamenya viazi vya biashara ya kesho.
Tunamtazama: ingia.
Anatikisa kichwa. Haijaiva.
Raundi kumi. Haijaiva bado.
Kama maharage ya Umalila, kwenye baridi ile,
maji yanachemka kwa jina tu.
Halafu, na hakuna aliyewahi kujua kwa nini sasa,
anaweka kisu chini.

Nimetafuta miaka arobaini cha kuifananisha na sauti ile.
Nitasema hivi tu: viazi vilibaki ndani ya maji mpaka asubuhi.

Siku moja tuliazima redio kaseti kwa fundi saa.
Dakika arobaini na tano kila upande.
Nzunda akabonyeza, tukaenda, tukaenda,
na kisu kilipogusa sakafu
kitufe kikaruka: ka!
Upande umekwisha. Hakuna aliyenyanyuka kuugeuza.
Nani angenyanyuka?

Kanda ninayo. Ina mota,
ina noti tatu za Tweve, ina mtoto anayekohoa,
ina kisu juu ya kiazi, kwaru, kwaru,
na mwishoni kabisa ina pumzi ya mwanamke
inayovutwa ndani.

Tweve alipanda treni ya Tazara kwenda Mpika; salamu zilifika mara moja.
Anyelwisye aliacha vidole viwili kwenye msumeno, Mafinga.
Nzunda ni mzee wa kanisa, anasema ulikuwa ujinga,
ila mtazame kidole chake juu ya benchi wakati wa kwaya.
Subilaga, niliambiwa yuko Kyela. Niliambiwa yuko Chunya.
Sikuuliza kwa nguvu.

"Mzee, tayari," msagaji amesema, akazima.
Unga ulikuwa wa moto, nimeukumbatia kifuani.
Kimya kile kilikuwa kikubwa kuliko kibanda.
Mguu haukusimama.
Uliendelea mpaka nje, mpaka juu ya bodaboda,
kijana akageuka: Mzee, unasikia baridi?
Nikamwambia ndiyo.