Lumbesa

Miaka kumi na mitatu sokoni Kibaigwa
nakataa lumbesa: "Punguza.
Gunia lina shingo, usilivike kofia."

Jana, kituo cha afya, sista Foibe
kanipandisha mimi mizanini.
Themanini na mbili.
Nikashuka upesi, nikidhani yamekwisha.

"Bado kimo, Ndahani."
Tangu lini gunia likaulizwa kimo?
Akanibandika ukutani: mita moja nukta sita.
Kimo akakizidisha kwa kimo,
uzito akaugawa kwa jibu: thelathini na mbili.
"Tulitaka isifike ishirini na tano."

Nikagusa mkanda,
lile tundu nililotoboa kwa msumari.

Leo mkulima kanishushia gunia lenye kofia.
Nikafungua kinywa, nikakifunga.
"Tupunguze," nikasema.