Namba Yangu

Miaka minne nimeshona kwa macho ya maiti.
Niwie radhi, Faki, lakini ndivyo ilivyo:
miwani yako, mkono mmoja umefungwa uzi wa kofia,
nikiiweka puani, nikirudisha kichwa nyuma
kama kuku anywae maji,
hata tundu la sindano linijie.
Yakija mawili, nachoma katikati.

Thuwaiba akanishika mkono kutoka Kangagani mpaka Chake,
duka lile la Chachani, juu ya fundi simu.
Ngazi kumi na moja. Nilizihesabu kwa mguu.

Kijana, Nassir jina lake, akanionesha ukutani
herufi yenye vidole vitatu.
"Vidole vyaelekea wapi, bibi?"
Nikamwambia: kibla.
Akageukageuka mle chumbani, maskini, hajui kibla ni wapi.
"Sema juu, chini, kulia, kushoto."
Basi tukaenda hivyo, juu, chini, kulia,
mpaka vidole vikawa chawa,
chawa wakawa vumbi,
nami nikabahatisha kama mtoto wa chuoni asiyedurusu.

Akaipima na yako.
"Hii siyo namba yako. Mwenye hii
jicho lake la kushoto lilikuwa zito sana."
Nikakaa kimya.
Kumbe ndiyo maana, nikikusemesha, ukigeuza uso.
Nami nikinuna. Siku tatu mara nyingine,
sikutilii chumvi kwenye mchuzi,
na wewe ulikuwa ukilitafuta jicho zima
la kunitazamia.

Kisha fremu.
Ubao mzima, zimeanikwa kama pweza.
Ya dhahabu: Thuwaiba akasema, "Bibi, waolewa tena?"
Nyeusi nene: nikawa karani wa mahakama,
yule wa rudi Jumatatu.
Nyekundu sikuitazama, ilinitazama yenyewe.
Isiyo na ukingo, elfu tisini.
Elfu tisini ya kitu ambacho hakipo!
Na kioo chenyewe chanisaidia nini?
Fremu ya kujaribia haina namba,
ni kuchagua kanga gizani, jina lake hulisomi.
Naona ukungu umevaa miwani.

Nikamuuliza: ipi haitelezi mtu akiinama?
Akasema hajapata kuulizwa hivyo.
Akapekua chini ya meza, akatoa moja
ya rangi ya halua, haina hata bei.
Nikaivaa, nikainama pale pale mbele za watu,
nikatikisa kichwa, nikatunga uzi wa hewa,
nikatoboa kitambaa cha hewa.
Ikang'ang'ania.
Elfu arubaini na tano, akasema.
Arubaini, nikasema, na nikabaki nimeinama
mpaka akakubali.

Wiki ya pili tukaenda kuichukua.
Wakati wa kushuka
ngazi zilikuwa kumi na mbili.

Ijumaa, Maalim Bakar akapita kwenda msikitini
na kofia niliyomshonea mwaka juzi.
Yaa Latifu.
Viua vimekwenda upande kama siafu waliokanyagwa,
ua moja lina petali tano, nduguye saba,
na hapo juu ya sikio nimeruka mstari mzima.
Alinilipa kamili, huyu mtu.
Kila anayemuuliza, humwambia kwa sauti nani kashona.
"Maalim, nipe hiyo kofia nikufumulie."
Akaishika kwa mikono miwili
kana kwamba pamevuma upepo.
"Kwani ina nini?"
Akatazama miwani yangu, akaelewa,
akatazama chini.
"Imeshanizoea, Bi Mize," akasema,
akatia mwendo.

Usiku nimeifungua miwani yako.
Mkono ukaanguka, nimeufunga kwenye leso pamoja na vioo.
Ule uzi lakini ni uzi mzuri, hautupwi.
Nimeulamba ncha,
nimeutia sindanoni.
Mara moja tu, Faki.