Slaidi ya Kumi na Saba

Walinipa slaidi arobaini, hata moja si yangu.
Jina tu ndilo lilikuwa langu,
kwa wino wa buluu, chini ya jina la dawa:
Dakta Shemboza, Bingwa wa Moyo na Shinikizo la Damu.
Ubingwa wenyewe walinipa wao.
Mimi ni daktari wa wodi namba tatu,
mpima presha kwa mashine yenye mpira uliotoboka.

Hoteli ilikuwa Raskazone. Viyoyozi.
Pilau, samaki wa nazi, kachumbari nyembamba
kama imekatwa na mtu wa upasuaji.
Walialikwa thelathini, wakaja thelathini na wanane.
Tanga, habari ya pilau haihitaji barua.

Ombeni, kijana wa kampuni, jina lake ni la kuomba
lakini sijamwona akiomba kitu.
Yeye hutoa. Kalamu, shajara, saa ya ukutani yenye picha ya moyo,
na mwisho, pembeni mwa ngazi, fomu ya kusaini:
ada ya mzungumzaji, laki nne na nusu.
"Si zawadi, Dokta. Ni jasho lako."
Nikasaini. Jasho kweli lilikuwepo,
mgongoni, kiyoyozi kikivuma.

Maana kwenye slaidi ya kumi na saba
tabibu mmoja wa Mkinga, Zayumba, alinyoosha mkono.
Sahani yake alikuwa hajaigusa.
"Dokta, hiki kidonge kimeshindanishwa na nini?"
Nikasema utafiti unaonyesha kinashusha presha kwa kiwango cha kuridhisha.
"Hilo nimesikia. Kuliko kile cha zamani, cha shilingi hamsini?"

Nilijua jibu. Kilishindanishwa na kidonge cha unga:
bondia kapigana na kivuli, akavishwa mkanda.
Nilijua, na slaidi ilijua,
ndiyo maana maandishi yale yalikuwa madogo kama mayai ya chawa.
Nikatabasamu jinsi nilivyofundishwa Dar kwa siku mbili,
nikasema, "Swali zuri sana,"
nikabonyeza ya kumi na nane.

Nilidhani wananilipa niwashawishi wengine.
Hesabu yangu ilikuwa hiyo, na nililala nayo usingizi.
Kumbe wale thelathini na wanane walikuja kula,
wakala, wakarudi Muheza na Pangani,
wakaendelea kuandika dawa iliyopo kabatini.
Aliyeisikiliza hotuba ile neno kwa neno, mara tano,
kwa sauti ya mtu anayemwamini,
ni mimi.

Aliyegundua ni Mwanakheri wa dirisha la dawa.
Hakunisema. Aliniletea daftari lake,
akafunua Machi, akafunua Agosti.
"Mwandiko ni wako, Dokta," akasema,
"lakini mkono sijui wa nani."

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Mgeni amekuja. Mwenyeji ni Bi Nyamvua wa Barabara ya Kumi na Nne,
muuza mihogo ya kukaanga,
anayekipasua kidonge changu kwa wembe:
nusu leo, nusu kesho,
robo siku ambayo mihogo haikutoka.
Nikamuuliza kwa nini hakuniambia bei imemshinda.
"Wewe umesoma, baba. Kingekuwepo cha rahisi
si ungenipa?"

Nyumba yangu ya Kange imeezekwa kwa hotuba tano.
Vuli ikipiga, wanangu wanalala fofofo.
Mimi nahesabu: bati hili la Machi, lile la Juni,
kofia ya paa, Agosti.
Siyabandui. Nani hubandua bati mvua inanyesha?

Jana nimemrudishia Bi Nyamvua kile cha shilingi hamsini.
Alikigeuza kiganjani, kikubwa, cheupe, hakina jina.
"Hiki si kile cha maskini?" akaniuliza.
"Nimekukosea nini?"

Na Ombeni amepiga mara mbili.
Hotuba ya sita, Jumamosi, hoteli ile ile,
slaidi sasa arobaini na mbili.
Simu imelala kifudifudi mezani, inatetemeka,
inaisogeza saa yao, inaisogeza shajara yao.
Kalamu yao haijaifikia.
Ninaandikia haya.