Sindano ya Pili

Dokta Adriko aliandika kwenye kadi, kwa wino mwekundu:
sindano ya pili, Alhamisi.
Jumatatu ulikuwa bado unatafuna kiatu changu cha kulia,
ukikiburuta hadi jikoni
kama nyama uliyoiwinda mwenyewe.

Jumanne usiku ukatapika povu.
Nikadhani ni vichwa vya mukene ulivyoiba.
Candiru akakukorogea maji, chumvi na sukari,
kijiko baada ya kijiko,
na kila kijiko kikarudi.
Kisha ikaja damu, na harufu ile
ambayo sabuni ya mche haijaitoa sakafuni.

Alfajiri, boda ikatukimbiza mjini Arua.
Nilikufunika kwa sweta,
nawe ulikuwa mwepesi kuliko sweta.
Dokta alikufunua mdomo, akatazama ufizi,
akanyamaza.
Hakutaka hata kulipwa.

Tumekuzika nyuma ya jiko.
Candiru alitandika kwanza majivu yenye vuguvugu,
kwa sababu ndiko ulikopenda kulala.
Sikumkataza.

Leo ni Alhamisi.
Elfu ishirini ya sindano bado imekunjwa ndani ya kadi.
Kiatu cha kushoto ni kizima.
Nimevaa vyote viwili kwenda kazini.