Lehemu

Mimi ni fundi bomba.
Nimezika mabomba kutoka chemchemi ya juu
mpaka shule ya Isongole,
na nikisikia neno presha
huwaza tangi, mteremko, koki ya mwisho
inayotema hewa kabla ya maji.

Leo huku Mbeya daktari kijana,
kalamu sikioni kama seremala,
ameniambia: Baba Tusekile,
presha ya binti imepanda kidogo.
Lehemu nayo.

Lehemu?
Nikacheka, Mungu anisamehe.
Lehemu imo kwenye boksi langu, daktari,
waya wa kijivu uliojikunja kama konokono,
nauyeyusha nazibia ndoo za akina mama
kwa mia tano, kwa ahadi, kwa sado ya viazi.

Hakucheka.
Akachora nyuma ya bahasha
duara, na ndani ya duara
duara dogo zaidi.
Hapo sikuhitaji mwalimu.
Niliwahi kukata bomba la zamani la misheni:
nje inchi mbili, ndani kidole hakipiti.
Na miaka yote ile halikuvuja.
Halikulalamika.

Alikuwa na saba alipoanguka jikoni,
baada ya wiki mbili za kumaliza ndoo na kukojoa hadi alfajiri.
Majirani walitafuta mchawi,
mimi nilitafuta panapovuja.
Tangu hapo sindano nne kwa siku,
chupa ya dawa ndani ya soksi ya sufu,
maana Juni ya kwetu umande huganda juu ya majani ya viazi
na dawa ikishaganda imekufa.
Hayo tuliyazoea. Nilidhani hesabu imefungwa.
Sukari ni sukari. Moyo ni wa wazee,
wa katibu kata mstaafu
anayepumzika mara tatu akipanda kwenda kanisani.
Tuse ana miaka kumi na mitano.

Ni alama tu, akasema daktari.
Si ugonjwa. Alama.

Neno hilo nalo tunalo nyumbani,
limebandikwa ukutani kwa ugali:
hisabati tisini na moja,
fizikia themanini na nne.
Nikamtazama kwenye kiti cha plastiki,
viatu vya shule, soksi moja imeshuka,
na kwa mara ya kwanza nikaomba
alama za mwanangu zishuke.

Wakampaka ute baridi shingoni,
wakapitisha kidude kama kipande cha sabuni.
Ukuta wa mshipa wake ukatokea kwenye kioo,
mstari mwembamba, unapumua.
Waliupima kwa vipande vya milimita.
Mimi hupima kwa inchi, na kwa jicho.

"Unene huu," akauliza yeye, si mimi,
"ni wa mtu wa miaka mingapi?"

Daktari alichelewa kujibu.
Akasema kuna muda. Akasema kutembea,
chumvi, sukari isiyopanda na kushuka kama njia ya Igawilo,
vipimo tena baada ya miezi sita.
Nikaandika yote kwenye kiganja.

Tukisubiri karatasi, muuguzi akamwachia kifaa.
Tuse akanifunga ule mkanda mkononi,
akapampu kama anajaza baiskeli.
Mia moja sabini na mbili.
Akarudia. Ileile.
"Baba," akasema, "koki yako
nani kaifunga?"

Usiku mama yake alisukuma kibakuli cha chumvi
katikati ya meza kama kawaida.
Mikono miwili ikainuka,
wangu na wa Tuse,
ikasita juu yake.
Mama akatutazama. Hatukusema kitu.
Nje, nyuma ya ukuta,
tangi lilikuwa linajaa.
Nalijua kwa mlio.